Gugu karoti: kope zinawasha, maziwa machungu, maharage hayaoti. Anza kutafuta chanzo hapa

Anayeishi jirani na gugu karoti huenda zahanati kwa ajili ya mafua, akaingia duka la dawa kutafuta krimu ya upele, akamwita daktari wa mifugo kwa ajili ya ng'ombe, kisha akarudi duka la pembejeo kununua mbegu nyingine kwa sababu zile za kwanza hazikuota. Kila anakopita anahudumiwa tatizo moja peke yake. Hakuna anayemuuliza kuna nini pembeni mwa uzio wake. Ndiyo maana ninauandika mwongozo huu kwa kufuata malalamiko kama watu wenyewe wanavyoyasema, kisha kila lalamiko tulirudishe nyuma mpaka kwenye mzizi, maana yapo yanayotokana na gugu hili na yapo yanayosingiziwa tu.

Gugu karoti, kwa jina la kitaalamu Parthenium hysterophorus, asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. India lilionekana Pune katikati ya miaka ya 1950 na leo limetapakaa karibu nchi nzima. Tanzania liligunduliwa Arusha mwaka 2010, na mwaka huohuo Kenya ililiweka katika orodha ya magugu hatari kisheria. Ethiopia, Uganda na Afrika Kusini wanalo pia. Hupenda kingo za barabara, viwanja vilivyoachwa, malisho yaliyolishwa kupita kiasi na mashamba yaliyopumzishwa.

Kwanza, hakikisha ni lenyewe

Usianze kutibu wala kunyunyiza kabla hujahakikisha. Likiwa changa hulala chini kwa duara, majani yamechanikachanika kama ya karoti au giligilani, rangi ya kijani iliyopauka, na ukiyapapasa yana vinyweleo laini. Wiki chache baadaye katikati huchomoza shina lililonyooka ambalo lina mifereji kutoka chini hadi juu. Pitisha ukucha (umevaa glavu) utaisikia mifereji hiyo. Shina hutoa matawi mengi kuelekea juu na linaweza kufika mita mbili penye udongo mzuri na maji, ingawa mengi utayakuta yanaishia kiunoni. Ua lake ndilo la kuangalia kwa makini: ni jeupe, dogo, upana wa milimita nne hivi, na ukilisogeza karibu na jicho utaona pembe tano ndogo kwenye ukingo wake. Ndani ya kila ua kama hilo zinakomaa mbegu tano, na mmea mmoja uliostawi huweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi.

Watu hulichanganya na kishona nguo, lakini kishona nguo mbegu zake hunasa kwenye suruali na hizi hazinasi. Hulichanganya pia na bangi mwitu, ambayo ukiiponda harufu yake huwezi kuikosea. Kama bado una shaka, piga picha tatu (jani la chini, shina, ua) umpelekee afisa ugani wa kata yako.

"Kope zimevimba, shingo inawasha, na krimu haisaidii"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza fedha nyingi na ngozi zao.

Vinyweleo na majani ya gugu hili vina kemikali iitwayo parthenini. Gugu likikauka, vumbi lake lenye vipande vidogo vya majani na vinyweleo huruka na upepo na kutua kwenye ngozi iliyo wazi. Mwili uliokwisha kuizoea vibaya kemikali hii hujibu kwa pumu ya ngozi: wekundu, muwasho mkali, vilengelenge, kisha ngozi kuwa nene, kavu na nyeusi. Hii haiji papo hapo. Huja siku moja hadi tatu baada ya kugusana na gugu, na ndiyo maana mtu aliyepalilia Jumamosi akawashwa Jumatatu hulaumu sabuni aliyooga nayo Jumapili.

Angalia ramani ya upele mwilini. Upele wa gugu karoti unaoletwa na hewa hukaa kwenye kope, mashavu, shingo, pembe ya kifua inayoachwa wazi na kola, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Sehemu zinazofunikwa na nguo husalimika. Sasa linganisha na mambo mengine. Ukiona umekaa katikati ya vidole, kwenye viganja vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, unawasha zaidi usiku, na watu wa nyumba nzima wanajikuna, huo ni upele wa utitiri na dawa yake ni nyingine kabisa. Ukiwa wa mviringo wenye ukingo ulioinuka na katikati pamesafika, fikiria fangasi, na tahadhari: krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) ikipakwa juu ya fangasi huonekana kusaidia wiki ya kwanza halafu fangasi husambaa. Ukiwa mikononi tu, kuanzia vidole hadi kwenye kifundo, uliza kwanza ni dawa gani ya shambani imeshikwa bila glavu.

Jua nalo huchanganya mambo. Ngozi iliyoumizwa na mwanga wa jua hubaki salama pale penye kivuli cha asili: juu ya kope, nyuma ya masikio, chini ya kidevu. Vumbi la gugu halijali kivuli, huingia humo humo. Kwa hiyo mtu ambaye chini ya kidevu na kwenye kope ndiko kumeharibika zaidi, ana sababu kubwa ya kuangalia upepo unakotoka. Wapo ambao baada ya miaka ngozi yao huanza kuchukia vyote viwili, gugu na jua, na hao wanahitaji daktari wa ngozi bila kuchelewa.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Mbona nimelima katikati yake miaka mitatu bila kuwashwa hata siku moja?" Ndivyo aleji ya aina hii inavyokuja. Mwili hujifunza polepole, miezi au miaka, bila kuonyesha chochote. Siku mwili ukishajifunza, kiasi kidogo tu kinatosha kuiamsha aleji. Kutokuwashwa mpaka leo hakukupi kinga, na wale wanaong'oa kwa mikono mitupu kwa sababu "mimi halinidhuru" ndio ninaowahofia zaidi.

Jambo jingine ambalo zahanati nyingi hazilitaji: gugu karoti ni wa ukoo mmoja na alizeti, pareto, saladi na maua ya krisanthemamu. Aliyekwisha kupata aleji ya gugu anaweza kuwashwa akivuna pareto au akishughulika na alizeti. Kama ulisafisha uwanja wako wote na bado unawashwa, jiulize kama unafanya kazi kwenye shamba la maua au unakausha pareto nyumbani.

Ufanye nini? Ukitoka shambani, vua nguo kabla ya kuingia chumbani na uzitie kwenye maji, oga kwa sabuni, osha na nywele, maana vumbi lililobaki kichwani litahamia kwenye mto usiku. Taulo iliyoanikwa upande wa upepo wenye gugu inakurudishia ugonjwa baada ya kuoga, kwa hiyo kagua na kamba ya kuanikia. Dawa ya kwanza kwa ngozi iliyowaka ni krimu ya steroidi, na hapa namwomba msomaji asichukue ile inayouzwa mtaani kwa ajili ya kung'arisha uso. Nyingi kati ya hizo zina steroidi kali ambayo kwenye uso na kope hukondesha ngozi, na ikiingia machoni kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho. Kwa uso daktari huandika nyepesi kama haidrokotisoni, tena kwa siku chache. Vidonge vya aleji vitakusaidia kulala, lakini upele wenyewe haviutibu. Kama hali inajirudia, omba rufaa kwa mtaalamu wa ngozi. Mjini Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa ukanda huu. Wataalamu hawa wana kipimo cha kubandika mgongoni, kwa saa 48, vitu vinavyoshukiwa kuleta aleji na kusoma matokeo siku ya pili na ya nne. Ukiwa na jibu la kipimo hicho mkononi, huna haja tena ya kujaribu krimu moja baada ya nyingine.

"Mafua hayaishi, kifua kinabana"

Hapa mhusika ni chavua, ule unga wa maua. Mmea mmoja hutoa chavua kwa mamia ya mamilioni ya chembe, na upepo huzibeba. Tofauti na ngozi, pua haisubiri siku mbili. Ndani ya dakika chache za kuingia penye gugu lililochanua, chafya zinafuatana, makamasi mepesi kama maji yanatiririka, macho na kaakaa vinawasha. Mafua ya virusi hayawashi kaakaa namna hiyo, mara nyingi huja na homa au maumivu ya mwili, na ndani ya wiki moja au mbili huwa yamekwisha. Ukiona "mafua" yanayoanza wiki chache baada ya mvua, gugu linapochanua, yakaendelea miezi, yakatulia unaposafiri kwenda kwa ndugu mkoa mwingine, na yakarudi siku ya pili baada ya kurejea, hapo antibayotiki haina kazi. Usiitumie.

Andika daftari la wiki mbili: saa dalili zinapoanza, ulikuwa wapi, upepo ulitoka upande gani, jirani alikuwa anafyeka au hapana. Kufyeka gugu lililochanua hurusha chavua na vumbi kwa wingi, na mara nyingi jibu linajionyesha hapo hapo. Lakini chunguza pia moshi wa kuni, vumbi la barabara, manyoya ya kuku wanaolala ndani na ukungu wa ukuta mbichi. Kama dalili ziko mwaka mzima bila kupanda wala kushuka, gugu peke yake halitoshi kuwa maelezo.

Vidonge vya aleji kama sitirizini au loratadini husaidia pua na macho. Kifua ni jambo zito zaidi. Kifua kikibana, kikatoa mlio kama filimbi, kikohozi kikakuamsha alfajiri, hiyo inaweza kuwa pumu na inahitaji dawa ya kuvuta inayoagizwa na daktari. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo yake inageuka rangi, apelekwe hospitali wakati huo huo. Na kikohozi kilichozidi wiki mbili, hata kama una hakika ni gugu, kapime makohozi. Kifua kikuu kipo, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Niongeze na hili, kwa sababu halisemwi vya kutosha. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walichapisha mwaka 2015 matokeo yanayoonyesha kwamba mbu jike wa Anofelesi, yule anayeambukiza malaria, anaweza kujilisha kwenye gugu karoti, akajiwekea akiba ya nguvu na kuishi muda mrefu zaidi hata asipopata damu. Kichaka cha gugu hili nyuma ya nyumba kinawafaa mbu pia.

"Maziwa machungu"

Ng'ombe aliyeshiba hulikwepa gugu karoti. Atalila wakati wa ukame nyasi zilipokwisha, au pale mtu alipolikata pamoja na majani mengine akamwekea horini, kwa sababu kwenye mchanganyiko uliokatwakatwa hawezi kuchagua. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mfugaji wa zero grazing (anayelishia ng'ombe bandani) ni: haya majani yamekatwa wapi, na nani? Ya pembeni mwa barabara nenda uyakague kwa macho yako.

Uchungu wa maziwa una sababu kadhaa. Yakiwa na chumvichumvi, mabonge au maji ya njano, onja na kagua kila chuchu peke yake kwenye kikombe cheusi. Tatizo likiwa kwenye chuchu moja au mbili ni ugonjwa wa kiwele. Likiwa kwenye chuchu zote, kiwele hakina joto wala uvimbe, na ng'ombe haelekei kukauka, nenda kwenye chakula. Mwondoe kabisa kwenye gugu, mpe majani unayoyajua, uonje maziwa kila asubuhi. Uchungu ukipungua siku hadi siku, umepata jibu. Maziwa hayo machungu usiwape watoto wala ndama.

Ng'ombe anayeendelea kulila huanza kupoteza manyoya, ngozi ya pua na masikio inababuka, kunakuwa na vidonda mdomoni, kuharisha na kukonda. Majaribio ya India yalionyesha kwamba gugu hili likifika kati ya asilimia 10 na 50 ya chakula, ng'ombe na nyati wa kufugwa wanaweza kufa ndani ya siku 30. Ila vidonda vya mdomoni visikudanganye. Ukiona udenda mwingi, homa, kuchechemea, na ugonjwa unaruka kutoka mnyama mmoja hadi mwingine kwa siku mbili tatu, huo unafanana na ugonjwa wa miguu na midomo na unatakiwa kuripotiwa. Manundu magumu mwili mzima yanaelekeza kwenye mapele ngozi. Na ngozi ikibabuka sehemu nyeupe tu za mnyama mwenye mabaka huku macho yakiwa na manjano, tafuta mvuti, yaani lantana, kabla ya kulaumu gugu karoti.

Mbuzi hulila kwa urahisi kuliko ng'ombe, na wapo wanaofikiri wamepata mfyekaji wa bure. Wanakosea. Nyama ya mnyama aliyelila nayo huweza kubeba ladha mbaya, na vidonda vya mdomo mbuzi huvipata pia.

"Mbegu hazioti, maharage yamedumaa, nyanya zinadondosha maua"

Gugu karoti hupigana na mazao kwa njia zaidi ya moja. Linaota mapema na kunyang'anya maji na mwanga. Kemikali za mizizi na za majani yake yanayooza huzuia mbegu nyingine kuota na hupunguza vinundu vya kuvuta naitrojeni kwenye mizizi ya jamii ya kunde. Chavua yake ikitua kwa wingi juu ya ua la nyanya, biringanya, maharage au kwenye nywele za mahindi, huzuia uchavushaji na matunda hayafungi vizuri. Ethiopia, kwenye mtama ulioachiwa gugu msimu mzima bila palizi, hasara ya mavuno ilipimwa kuwa kati ya asilimia 40 na 97 kutegemea mahali na mwaka.

Mbegu zisipoota, usikimbilie kumlaumu muuzaji, na usikimbilie kulilaumu gugu. Chukua makopo mawili. Moja lijaze udongo wa pale penye gugu, jingine udongo wa sehemu ya shamba isiyokuwa nalo. Panda maharage kumi kila kopo, mwagilia sawa, weka sehemu moja. Yakiota vizuri kote, angalia kina ulichopandia au mvua iliyokatika. Yakigoma kote, mbegu ni mbovu. Yakigoma kwenye udongo wa gugu tu, basi ni gugu, na unahitaji kuondoa mabaki yake yote na kusubiri mvua ya kwanza isafishe udongo kabla ya kupanda.

Maharage yaliyodumaa na kupauka, chimbua mche mmoja taratibu kwa uma wa shamba, usiuvute. Suuza mizizi kwenye ndoo. Vinundu vikiwepo, pasua kimoja kwa ukucha: ndani pakiwa na rangi ya waridi kinafanya kazi. Vikiwa vichache, vidogo na vyeupe au vya kijani ndani, maharage yako hayapati naitrojeni, na kama pembeni kumejaa gugu karoti unayo sababu. Mizizi yenye mafundo yasiyobanduka kwa kidole ni minyoo fundo, hilo ni jambo jingine.

Nyanya kudondosha maua kuna sababu nyingi kuliko gugu. Joto kali, maji yasiyo na ratiba na thripsi (wadudu wadogo sana wanaofyonza mimea) ndizo za kwanza kuchunguza. Gugu lipe lawama pale ambapo mistari iliyo karibu na kichaka, upande wa upepo, ina hali mbaya kuliko mistari ya mbali. Kwenye mahindi, punje zilizorukaruka kwenye gunzi zinaweza kutokana na ukame wakati wa kutoa nywele, hivyo linganisha tena karibu na mbali.

Kwa wakulima wa karanga na alizeti kuna hatari ya ziada. Mwaka 2000 karanga za wilaya ya Anantapur, India, zilikauka mashina kwa ugonjwa wa virusi. Gugu karoti lilikuwa limebeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili yoyote, na thripsi walivihamisha pamoja na chavua. Ukiona karanga zinakauka kuanzia kikonyo cha juu, kagua mipaka ya shamba.

"Nililing'oa, limerudi zaidi"

Mara nyingi tatizo ni wakati. Tangu kuota hadi ua la kwanza huweza kuwa wiki nne tu. Mtu anayesubiri palizi ya pili anang'oa mimea iliyokwisha kudondosha mbegu, na kwa kukung'uta udongo kwenye mizizi anazipanda mwenyewe. Mbegu zilizofukiwa hukaa hai miaka kadhaa, lakini zinazochomoza ni zile zilizo juu, ndani ya sentimita tano hivi za kwanza. Ukilima kwa kina kila msimu unazipandisha za zamani juu. Kwa hiyo baada ya kung'oa, epuka kugeuza udongo bila sababu.

Ling'oe udongo ukiwa na unyevu, siku moja au mbili baada ya mvua, likiwa bado limelala duara au shina ndiyo kwanza linachomoza. Vaa glavu, mikono mirefu, barakoa, na miwani kama unayo. Shika chini kabisa, mzizi mkuu utoke mzima. Likikatikia kwenye shingo huchipua tena na kuchanua likiwa fupi, na hivyo ndivyo fyekeo linavyofanya: unapata uwanja uliosawazishwa wenye maua kimo cha kifundo cha mguu. Watoto, wenye pumu na wenye upele wasipewe kazi hii.

Ambayo hayajachanua unaweza kuyafanya mboji au kuyaacha yakauke juani. Yaliyochanua yatie kwenye mfuko pale pale yalipong'olewa kabla ya kuyabeba, yakauke ndani yake, kisha yafukiwe kwa kina. Kuyachoma mabichi yamelundikwa kunatoa moshi unaowaumiza wenye vifua, na moto wa juu hauziui mbegu zilizo ardhini.

"Nilinyunyiza, halikufa"

Kama ulitumia glaifosati, angalia mambo haya kwanza. Gugu likishachanua na kukomaa, au likiwa limenyauka kwa jua, hainyonywi vizuri. Majani yenye vumbi la barabara na maji ya matope huiharibu dawa kabla haijafanya kazi. Mvua iliyonyesha muda mfupi baadaye imeiosha. Na Colombia tayari kuna gugu karoti lililozoea glaifosati, kwa hiyo kurudia dawa ileile msimu baada ya msimu ni kujitafutia usugu. Kumbuka pia kwamba glaifosati haigusi mbegu: uwanja uliokauka leo utaota upya mvua ikirudi, na hapo usiseme dawa ilikuwa feki.

Dawa ya 2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuacha mahindi machanga, ila ikipeperuka kidogo tu kwenda kwenye nyanya, maharage au pamba ya jirani mtagombana. Atrazini na metribuzini huzuia kuota, lakini si kwa kila zao, soma lebo na muulize bwana shamba. Anayenyunyiza gugu lililochanua ajikinge na chavua kama anavyojikinga na dawa.

Kwa malisho, dawa ya kweli ni majani mengine. Gugu hili huingia pale nyasi zilipoliwa hadi udongo ukabaki wazi. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha walijaribu kulipanda pamoja na mimea ya malisho, na fiwi ni kati ya ile iliyolizidi nguvu. Fiwi mbuzi na ng'ombe wanakula, udongo unapata naitrojeni, na wewe unapata mboga. Afrika Kusini na Ethiopia wameachia pia mbawakawa wa asili ya Meksiko anayekula majani yake, lakini hiyo ni kazi ya taasisi zenye kibali na karantini, haifanywi na mkulima kwa kubeba wadudu kwenye chupa.

Limeonekana mahali ambapo halikuwepo

Fuata njia lililopitia. Mara nyingi ni lori la mchanga au kifusi, trekta la kukodi lililotoka na tope, samadi ya kununua, marobota ya majani makavu, au maji ya mafuriko. Chavua husafiri kwa upepo, mbegu husafiri zaidi na watu na vyombo vyao. Omba trekta lioshwe kabla halijaingia, na samadi ngeni irundike sehemu moja utakayoweza kuikagua.

Mmea mmoja au kumi ni kazi ya dakika chache. Ung'oe, weka kigingi pale ulipokuwa, mwambie afisa ugani ili ijulikane kijiji kimeingiliwa, na waambie majirani wa pande zote nne. Kisha rudi kwenye kigingi wiki mbili hadi tatu baada ya kila mvua kubwa, msimu huu na misimu inayofuata, ung'oe vinavyochomoza kabla havijapandisha shina.